Rangi Imemwagika Kwenye Zulia: Namna ya Kuitoa Bila Kuliharibu

Kazi yangu ni kuosha mazulia na makochi majumbani hapa Dar es Salaam. Idi ikikaribia, na tena Desemba kuelekea Krismasi, simu huwa hazikatiki. Ndiyo misimu ya watu kupaka nyumba rangi, na wengi hupaka zulia likiwa lipo palepale sebuleni. Hulikunja nusu, wakalifunika kwa magazeti, wakamwachia Mungu.

Siku moja niliitwa kwenye nyumba moja Tabata. Fundi rangi aliteleza akishuka ngazi, galoni ya rangi nyeupe ikamponyoka. Mama mwenye nyumba aliniambia kwenye simu kwamba doa lina ukubwa wa sahani. Nilipofika, kama nusu saa baadaye, lilikuwa na ukubwa wa sinia, naye kapiga magoti na brashi ya kufulia mkononi, povu limejaa, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Fundi, nimesugua mpaka mkono umekufa ganzi, hili doa halitaki kutoka!"

Lilikuwa linatoka vizuri tu, ila kila lilipotoka liliingia kwenye zulia safi la pembeni. Rangi imetengenezwa ing'ang'anie kitu na kukauka juu yake, na brashi ndicho chombo cha kuipakia. Ukiishika brashi pale sakafuni, unapaka zulia. Doa la rangi huinuliwa: unaligandamizia kitambaa kikavu, kitambaa kinanyonya, unakinyanyua juu kama ulivyokishusha. Mengine yote nitakayoeleza hapa, spiriti, tapentaini, siki, ni ya kuilegeza rangi ili kitambaa kipate cha kunyonya.

Ni rangi gani hiyo?

Njia ya haraka kuliko zote ni kumuuliza fundi rangi anaoshea brashi zake na nini. Akisema maji, hiyo ni rangi ya maji, ile ya kuta. Akisema tapentaini, ni rangi ya mafuta, ya milango, madirisha, grili na geti. Akisema thina, kuwa makini kidogo, maana mafundi wengi huita thina kila kimiminika kinachonuka. Inaweza kuwa rangi ya mafuta, inaweza pia kuwa rangi ya kupuliza ya magari na fenicha. Hapo omba kopo ulisome. Maelezo ya kuoshea vifaa huandikwa ubavuni.

Fundi kaondoka na kopo limetupwa? Kama rangi imekauka, chovya pamba kwenye spiriti ya duka la dawa, ibane kwenye ncha ya unyoya mmoja uliopakaa rangi kwa dakika moja, kisha pikicha. Rangi ikilegea na kuchafua pamba, ni ya maji. Ikibaki ngumu kama ukucha, ni ya mafuta.

Sababu yake ni hii. Rangi ya maji ni chembe ndogo sana za plastiki zilizotawanyika kwenye maji pamoja na unga wa rangi. Maji yakikauka, chembe zinabanana na kuungana zikawa ngozi moja. Ngozi hiyo haiyeyuki tena kwa maji, ndiyo maana ukuta unaweza kupanguswa, lakini spiriti huivimbisha na kuilegeza. Rangi ya mafuta ina tabia nyingine: baada ya kimiminika chake kuruka, huanza kushikana na oksijeni ya hewani na kugeuka kitu kipya. Ikishakomaa hivyo, tapentaini ambayo jana ingeiyeyusha leo inateleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba.

Kwa hiyo saa yako inategemea rangi. Ya maji, kwa joto la Dar na feni ikizunguka, hushika ngozi ndani ya saa moja, mara nyingi hata kabla. Ya mafuta inakupa saa kadhaa, lakini usiiache ilale.

Na zulia nalo ni la aina gani?

Mazulia mengi ya manyoya tunayonunua Kariakoo ni ya nyuzi za plastiki, polipropilini au poliesta. Yapo ya sufu, ya gharama, mara nyingi ya urithi au zawadi ya ndugu aliyetoka Omani. Na yapo yale yanayong'aa kama hariri, ambayo mengi ni ya viskosi.

Kama hujui lako, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la chini. Uzamishe kwenye glasi ya maji kwa kidole, uukamue mapovu ya hewa, kisha uachie. Ukiibuka juu, ni polipropilini, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Ukizama, ukaushe, ushike kwa koleo juu ya sinki, uwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopukutika. Poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Viskosi huungua kama karatasi.

Zulia la plastiki linavumilia mengi, ila linaogopa moto: polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na pasi iliyowekwa kwenye pamba inapita hapo. Sufu haitaki Jik hata tone, kwa sababu Jik huila sufu yenyewe, na sabuni kali ya unga huifanya ikakamae. Viskosi, nakwambia ukweli, liache. Maji matupu yanaweza kuliachia doa la njano na nyuzi zake hulegea zikilowa. Zoa rangi iliyo juu, gandamiza kwa kitambaa kikavu, kisha mwite mtu wa kazi hiyo.

Jambo la mwisho ni mgongo wa zulia. Kwenye mazulia mengi manyoya yanashikiliwa na gundi iliyopakwa kwa chini. Ukimwaga thina au tapentaini moja kwa moja, inapenya mpaka kwenye gundi na kuilegeza, na baada ya siku mbili manyoya yanang'oka kama ya kuku aliyechovywa maji ya moto. Ndiyo maana dawa humiminwa kwenye kitambaa, na kitambaa ndicho kinachokwenda kwenye zulia. Sijawahi kuona sababu nzuri ya kuivunja kanuni hii.

Kabla ya dawa yoyote, jaribu pembeni, chini ya kochi. Lowanisha kitambaa cheupe kwa dawa hiyo, kigandamize dakika mbili, kiangalie. Kikitoka na rangi ya zulia, dawa hiyo si ya zulia lako.

Vya kuwa navyo

Matambara meupe ya pamba, mengi kuliko unavyodhani. Tisheti kuukuu, shuka lililochakaa, na bora kuliko vyote, nepi za kitambaa. Kanga usitumie, hasa mpya nyekundu. Ikikutana na spiriti itakuachia doa la pili. Kijiko, kisu butu, ndoo mbili, chupa ya kupulizia, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, spiriti, na kama rangi ni ya mafuta, tapentaini. Mashine ya kufyonza vumbi ukiwa nayo ni heri, lakini ni kwa chembe kavu tu. Ikifyonza rangi mbichi, umeua mashine.

Rangi ya maji ikiwa bado mbichi

Hapa ndipo penye ushindi rahisi, ukiwahi. Kama vifaa viko mbali, kwanza funika doa kwa taulo lililoloweshwa maji na kukamuliwa. Rangi ikibaki na unyevu inakusubiri.

1. Zoa kwanza. Shika kijiko, anza ukingoni mwa doa ukielekea katikati, kila mzoo uupanguse kwenye gazeti. Rangi iliyo nene juu ya manyoya itoke yote kabla tone la maji halijagusa zulia. Watu wana haraka ya maji. Maji yakitangulia, rangi nene inakuwa uji na kushuka chini kwenye mizizi.

2. Gandamiza kitambaa kikavu. Weka kiganja juu, egemea kwa uzito wa mwili, hesabu mpaka kumi, nyanyua wima. Geuza upande safi, rudia. Endelea mpaka kitambaa kinatoka na alama hafifu tu.

3. Changanya kijiko kidogo kimoja cha sabuni ya maji kwenye nusu lita ya maji ya kawaida. Usizidishe sabuni, utajuta wakati wa kusuuza. Maji ya moto usitumie kwenye rangi mbichi, yanaiharakisha kushikana.

4. Chovya kitambaa, kikamue kisidondoke, kigandamize kwenye doa kuanzia pembeni kuja ndani. Kiache dakika mbili, nyanyua, gandamizia kikavu. Utaona kitambaa kikavu kinapata rangi ambayo hukuiona kwenye zulia. Hiyo ni ile ya chini inayopanda.

5. Rudia mpaka kitambaa kikavu kinatoka safi. Kwa doa la ukubwa wa kiganja huwa narudia mara nane, mara nyingine kumi na tano. Hakuna ujanja wa kuipunguza idadi hiyo. Kwa mabaki yaliyong'ang'ania nchani mwa manyoya, tumia mswaki laini wenye maji ya sabuni, ukipiga kutoka mzizi kwenda nchani, unyoya kwa unyoya.

6. Suuza kwa maji matupu kwa mtindo uleule wa kitambaa, mara tatu. Sabuni ikibaki kwenye nyuzi inanata, inashika vumbi la miguu, na baada ya wiki mbili unaona doa jeusi palepale palipokuwa na jeupe. Watu hudhani rangi imerudi, kumbe ni sabuni.

Kuna ushauri wa kumwaga unga au chumvi juu ya rangi ili "inyonywe". Niliwahi kukuta mtu kamwaga sembe kilo nzima juu ya rangi ya maji. Ilikuwa ugali mweupe uliopikwa juu ya zulia, na kuutoa kulinichukua muda kuliko rangi yenyewe.

Rangi ya maji iliyokauka

Sasa maji na sabuni peke yake havina nguvu. Anza kwa mikono: bana shuke la manyoya lililogandana, livunje kati ya vidole au kwa koleo dogo. Ngozi ya rangi itapasuka, vipande vingine vitabanduka vyenyewe. Kwangua kwa kisu butu kufuata urefu wa unyoya, bila kukata kwa kukingama. Fyonza au fagia chembe. Kama hiyo ni rangi iliyobanduliwa kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, pulizia maji kidogo kabla ya kukwangua ili vumbi lisiruke, na watoto wakae mbali, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi.

Kisha spiriti. Fungua madirisha, zima jiko, hata la mkaa barazani kama moshi wake unaingia ndani. Lowanisha kitambaa cheupe kwa spiriti, kilaze juu ya doa, kifunike kwa kipande cha nailoni ili kisikauke, subiri dakika tano mpaka kumi. Ukikifunua, bana shuke moja la manyoya ndani ya kitambaa hicho na ulivute kwenda juu, kama unavyopangusa uzi wa sindano kabla ya kuutunga. Rangi inatoka kama utando, wakati mwingine inajikunja kama takataka za kifutio cha penseli. Hapo ujue umeshinda. Nenda shuke kwa shuke. Ni kazi ya kukaa chini, kuwasha redio na kutokuwa na haraka.

Ikigoma, gliserini ile ya kupaka mwilini husaidia. Ipake, ifunike nailoni, iache saa mbili au usiku kucha, kisha rudi kwenye spiriti. Ni ya polepole lakini ni pole kwa nyuzi, na kwenye sufu naanza nayo. Gliserini inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo husuuzika vizuri.

Pasi ya mvuke nayo hulegeza ngozi ya rangi: taulo lenye unyevu juu ya doa, pasi kwenye moto mdogo, igusishe sekunde tano, nyanyua, kwangua pakiwa bado na joto. Kwenye polipropilini mimi siitumii kabisa. Nimeshaona zulia lenye alama ya pasi iliyoyeyuka, umbo kamili la pembetatu, na hilo halina dawa.

Zulia la yule mama wa Tabata liliishia kwenye hatua hii. Katikati, ambako rangi ilikuwa nene, ilitoka kwa kuzolewa na kijiko na kwa maji. Kilichonitesa ni ule ukingo wa sinia aliousugua mwenyewe, rangi nyembamba iliyokauka haraka na kuingia katikati ya kila unyoya. Saa tatu na chupa mbili za spiriti.

Rangi ya mafuta

Zoa kwa kijiko na gandamiza kikavu kama kawaida, ila maji yasiguse kwanza. Mafuta na maji havipatani, na zulia lililolowa linaizuia tapentaini kuifikia rangi.

Mimina tapentaini kidogo kwenye kitambaa, gandamiza kuanzia ukingoni kuja katikati, nyanyua, badili upande. Vitambaa vitakwenda vingi. Rangi ikibaki kivuli tu, weka tone la sabuni ya vyombo juu ya kitambaa hichohicho kabla ya kuleta maji. Sabuni inaishika tapentaini na mafuta ili maji yaweze kuvibeba. Sasa ndiyo yaje maji ya sabuni ya vuguvugu, kisha kusuuza mara tatu kama awali. Ukiiacha tapentaini kwenye zulia bila kuiosha, inaendelea kushughulika na gundi ya chini wewe ukiwa umelala.

Mafuta ya taa yanafanya kazi ileile, nami nimeyatumia vijijini ambako tapentaini haipatikani. Shida ni harufu, inakaa siku nyingi, na yanaacha unyevunyevu wa mafuta unaohitaji kuoshwa kwa sabuni mara mbili.

Petroli, hapana. Najua inatoa rangi. Mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse sebuleni kwako. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana hadi kwenye jiko la gesi lililo chumba cha pili. Thina ina tabia hiyohiyo. Ukilazimika kuitumia, iwe kidogo, mchana, milango wazi, hakuna jiko, hakuna sigara, na ukisikia kichwa kinauma toka nje.

Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta au vanishi usivifinyange kwenye kona. Mafuta yanayokauka hutoa joto, na kitambaa kilichobanwa kinaweza kujiwasha chenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, ndipo uvitupe.

Ikiwa imekauka siku kadhaa, matumaini yanapungua. Ponda rangi kwa koleo, kwangua, loweka kwa kitambaa chenye tapentaini kilichofunikwa nailoni kwa nusu saa, ponda tena. Juu ya manyoya marefu mara nyingi unapata theluthi mbili, sehemu iliyobaki ni ya mkasi, nitaifikia.

Rangi ya kucha, ya kupuliza, na chokaa

Rangi ya kucha hutoka kwa ileile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, pamba kidogo, gusa na nyanyua. Asetoni iliyo ndani yake inaruka haraka, kwa hiyo fanya upesi, na jaribio la chini ya kochi hapa ni la lazima. Rangi za kupuliza nyingi huitika kwa asetoni au thina kwa njia hiyohiyo. Rangi za maji za watoto wa shule hazina ubishi, maji ya sabuni yanatosha.

Chokaa ni kinyume cha yote niliyosema kuhusu kuwahi. Chokaa mbichi ukiigusa inakuwa uji. Iache ikauke kabisa, kisha piga zulia kwa nyuma, fagia, fyonza. Kitakachobaki ni ukungu mweupe. Changanya siki kipimo kimoja na maji vipimo viwili, pulizia, utasikia kama sauti ndogo ya soda, gandamiza kwa kitambaa, suuza. Chokaa ni kali kwa sufu, kwa hiyo huko usisubiri wiki. Na vaa glavu, ulinde macho.

Neno moja kuhusu siki na Jik: visikutane, si kwenye ndoo wala kwenye zulia. Hutoa gesi ya klorini, na sebule ikiwa imefungwa utakimbizwa hospitali. Jik na spiriti pia ni vya kutenganishwa. Wala Jik haitoi rangi ya ukuta, itaondoa rangi ya zulia na kuliacha doa lako lilivyo.

Ikimwagika ndoo nzima

Kwa lita 20 za rangi ya maji, kijiko ni mzaha. Jenga ukingo wa mataulo mabichi kuzunguka, zoa rangi kwa kizoleo na kuirudisha kwenye ndoo, mwingine apite na mataulo nyuma yako. Kama ni zulia la kutandika na ni la plastiki, lisikunjwe rangi ndani kwa ndani. Tandika nailoni juu ya doa, likunje kwa kulegea, watu wawili walibebe kwa usawa mpaka nje.

Nje, litandike kifudifudi kwenye sakafu ya zege yenye mwinamo, mgongo juu, na uelekeze mpira wa maji kwenye mgongo. Rangi iliingia kupitia manyoya, irudi kwa njia hiyohiyo. Ukianza kwa upande wa manyoya unaisukuma izidi kwenda kwenye gundi. Maji yakianza kutoka yakiwa meupe hafifu, ligeuze, weka sabuni, sukuma maji kwa ubao wenye mpira kufuata ulalo wa manyoya, suuza mpaka maji yawe kama ya bombani. Nimeokoa mazulia kwa njia hii ambayo wenyewe walishayapeleka jalalani. Ila rangi iliyo nene iwe imeshazolewa, maji machafu yasielekezwe kisimani wala kwenye bustani ya mchicha.

Zulia lililogundishwa sakafuni huwezi kulitoa. Hapo ni kuzoa, kugandamiza, na kama umekodi mashine ya kunyunyiza na kufyonza maji, ndiyo siku yake.

Kukausha

Ukimaliza, doa limeondoka, umefurahi, kesho asubuhi lipo tena, hafifu. Maji ya chini yamepanda kupitia nyuzi yakifuata hewa, na yamekuja na rangi iliyobaki. Kulizuia, kunja taulo jeupe kavu mara nne, liweke juu ya sehemu iliyolowa, juu yake nailoni, juu ya nailoni ndoo yenye maji lita 10. Acha usiku kucha. Unyevu unapanda na kuishia kwenye taulo. Asubuhi utaliona taulo lina duara hafifu la rangi, ambalo lingekuwa kwenye zulia lako.

Baada ya hapo feni, dirisha wazi, na zulia la kutandika litundikwe ukutani au kwenye reli ya baraza, kivulini. Msimu wa masika usilirudishe ndani mpaka mgongo uwe mkavu kabisa kwa kuugusa kwa shavu, kiganja hudanganya. Likikaa na unyevu zaidi ya siku mbili, ukungu utaingia na harufu yake ni kesi nyingine. Likishakauka, chana manyoya kwa chanuo la meno mapana ili yasimame.

Mkasi na kiraka

Kuna doa lisilotoka. Kwenye zulia la manyoya marefu, chukua mkasi mdogo wa kucha, lala chini macho yawe usawa wa zulia, kata ncha tu zenye rangi, milimita moja au mbili, kwa kuchanganya urefu mfupi na mrefu ili pasionekane shimo. Kata kidogo, rudi nyuma hatua tatu, angalia, kata tena. Watu hukata wakiwa wameinama juu ya doa, halafu wanashangaa wakisimama.

Likiwa limefika chini kabisa, weka kiraka. Geuza zulia, kwa kisu kikali kata mraba wenye doa ukifuata mistari ya ufumaji wa mgongo. Kata mraba sawa na huo kutoka kona inayolala chini ya kabati. Kabla ya kugundisha, pitisha kiganja juu ya zulia: upande mmoja unateleza, mwingine unakwaruza. Kiraka kielekee upande uleule, vinginevyo kitaonekana cheusi au cheupe kuliko jirani zake hata kama ni zulia lilelile. Paka gundi ya viatu kwenye kingo kwa chini, bandika kipande cha turubai au gunia kwa nyuma, geuza, sukuma manyoya yachanganyike kwenye mshono, na uweke mzigo mzito mpaka kesho yake.